Mita ya Klampu kwa Gari Lililozeeka: Tathmini ya Kifaa cha Kusakia Hitilafu za Umeme Zinazojirudia

Hitilafu za umeme katika gari lililozeeka hujirudia, mara nyingi, kwa sababu vipuri hubadilishwa kabla ya kitu chochote kupimwa. Betri ikiishiwa chaji hununuliwa nyingine. Hiyo nayo ikiishiwa, lawama huhamia kwenye alteneta, jenereta inayoichaji betri injini ikifanya kazi. Alteneta ikishabadilishwa na gari likaendelea kugoma kuwaka asubuhi, mwenye gari huambiwa kwamba gari lenyewe limechoka au, kwa fundi mwenye maneno, kwamba lina mashetani. Kifaa ninachokitathmini hapa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyechoshwa na mlolongo huo. Ni mita ya klampu inayosoma mkondo mnyoofu, ule wa betri, yaani multimita ya kidijitali iliyowekewa taya zinazofunguka na kuubana waya kwa nje. Nimeitumia kwa muda wa kutosha katika gari langu la petroli lenye umri unaozidi miaka 20, ambalo lilikuwa na maradhi matatu ya umeme kwa wakati mmoja, na ninazo sababu za kuisifu pamoja na malalamiko yasiyo madogo. Sitaitaja chapa yake, kwa kuwa mita za namna hii hutoka viwandani zikifanana sana chini ya majina tofauti, na mengi ninayoyasema yanaihusu aina ya kifaa kuliko nembo iliyobandikwa juu yake.

Multimita ya kawaida hupima mkondo kwa kuupitisha ndani yake yenyewe, jambo linalomlazimu mtumiaji kuukata mzunguko wa umeme na kuiingiza mita katikati. Mita ya klampu haihitaji hivyo. Taya zake huuzunguka waya uliokwisha fungwa mahali pake, na ndani yake mna kihisi kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, ambacho huupima usumaku unaouzunguka waya kila umeme unapopita. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho, kwa sababu mita nyingi za klampu zilizoko madukani hupima mkondo geu pekee, ule wa nyumbani, na mita ya namna hiyo ikibanwa kwenye kebo ya betri itaonyesha sifuri hata kama stata, mota inayoizungusha injini wakati wa kuiwasha, inazunguka kwa nguvu zake zote. Alama ya kutafuta kwenye kitufe cha kuchagulia vipimo ni herufi A yenye mstari mnyoofu na vistari vilivyokatika chini yake. Ikiwa kuna A yenye alama ya wimbi peke yake, kifaa hicho hakina kazi kwenye gari.

Ubora mkubwa wa kifaa hiki ni kwamba hakiigusi hitilafu inayotafutwa. Anayeshughulika na magari ya zamani anaijua kero ya tatizo linalojificha: betri hushuka usiku tatu mfululizo, kisha siku ya kupeleka gari kwa fundi kila kitu kinakuwa shwari. Sehemu ya kero hiyo husababishwa na upimaji wenyewe. Ukiichomoa kebo ya hasi ili kuiingiza multimita ya kawaida, umeikatia umeme kila relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyokuwa imeng'ang'ania, kila redio iliyokuwa imekwama katika hali ya kuwa macho, na kila kompyuta iliyokuwa imekataa kulala. Ukirudisha umeme, vyote huanza upya kwa adabu, nawe unapima gari zima lisilo na tatizo. Isitoshe, sehemu ya ampea ya multimita nyingi hulindwa kwa fyuzi ya ampea 10, na mtu mmoja akisahau akazungusha ufunguo, fyuzi hiyo inaungua papo hapo kwa kuwa stata huvuta ampea 100 na zaidi. Mita ya klampu hubanwa kwenye kebo, gari likaendelea kutumika, na hata injini ikiwashwa hakuna kinachoharibika.

Maradhi ya kwanza niliyoipimia mita hii uwezo wake yalikuwa yale ya betri kuishiwa chaji gari likiwa limeegeshwa. Utaratibu wa kupima si mgumu, ila unadai subira. Boneti hufunguliwa, kitasa chake hufungwa kwa bisibisi ili gari lidhani kwamba boneti imeteremshwa, ikiwa lina swichi hapo. Ufunguo hutolewa, milango hufungwa, na klampu hubanwa kwenye nyaya zote zinazotoka kwenye kichwa cha hasi cha betri. Neno “zote” lina uzito, kwa sababu magari mengi yana kebo nene inayokwenda kwenye injini na waya mwembamba unaokwenda kwenye bodi, na anayebana mmoja tu husoma nusu ya habari. Kinyume chake, anayebana kebo ya chanya na ya hasi kwa pamoja husoma sifuri, kwa kuwa sumaku za mikondo inayopishana huuana. Baada ya hapo ni kusubiri. Gari la zamani lisilo na kompyuta nyingi hutulia baada ya dakika chache, ilhali magari ya karibuni huweza kuchukua nusu saa au zaidi kabla kompyuta zake hazijalala. Mkondo unaobaki, ule wa kuiweka saa na kumbukumbu za redio hai, kwa kawaida haupaswi kuzidi miliampea 50, yaani ampea 0.05.

Langu lilionyesha ampea 0.03. Kwa kipimo hicho peke yake ningeweza kuambiwa kwamba gari ni zima na betri ndiyo mbovu, na nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa ikitokea kila lilipopelekwa gereji. Kwa kuwa klampu ilikuwa inakaa kwenye kebo bila kusumbua, niliendelea kulitumia gari kama kawaida: kufungua milango, kuifunga, kuwasha taa, kuzima, kupakia vitu kwenye buti na kushusha. Baada ya kila tendo nilisubiri litulie, nikasoma tena. Lilipofungwa buti, mara nyingine mkondo ulirudi kwenye 0.03, mara nyingine ulisimama kwenye 0.42 na kukataa kushuka.

Tarakimu hiyo inazungumza kwa mtu anayejua hesabu ndogo ya wati. Globu ya wati 5 kwenye volti 12 huvuta ampea 0.42, na globu ya wati 5 ndiyo inayotumika katika taa nyingi za buti, za sanduku la dashibodi na za namba. Niliiweka simu ndani ya buti ikiwa inarekodi video, nikafunga kifuniko kwa kukishindilia, nikafunga tena kwa kukiteremsha polepole. Kwenye video taa ilizimika mara ya kwanza, na mara ya pili iliendelea kuwaka katika giza la buti lililofungwa, kwa kuwa mpira wa kifuniko ulikuwa umelika na kitufe cha swichi hakikubonyezwa hadi mwisho. Ampea 0.42 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 10. Kwa betri ya ampea-saa 45, siku mbili na ushee za kuegeshwa huondoa nusu ya chaji yote, na betri ambayo tayari imechakaa haifiki huko. Hakuna alteneta ya kubadilishwa katika hadithi hiyo, wala betri, japokuwa vyote viwili vilikuwa vimeshabadilishwa.

Baada ya sifa hizo ni lazima niseme jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi huliacha kimya. Mita yangu huonyesha mkondo kwa hatua za ampea 0.01, na mnunuzi akiona hivyo hudhani kwamba inaweza kutofautisha miliampea 30 na 40. Haiwezi. Mwongozo wake unaeleza kwamba usahihi wake ni asilimia 2.5 ukijumlisha tarakimu 10 za mwisho, na tarakimu 10 za 0.01 ni ampea 0.1, yaani mara mbili ya mkondo wote unaoruhusiwa kwa gari lililolala. Kwa maneno mengine, kifaa hiki kinaaminika sana kinapokuonyesha ampea 0.42, na kinapaswa kushukiwa kinapokuonyesha 0.03. Zipo klampu zilizotengenezwa mahususi kwa mikondo midogo, zenye taya nyembamba na hatua za miliampea 1, na mtu ambaye tatizo lake ni uvujaji mdogo wa miliampea 80 au 90 atafute hizo, kwa kuwa hii itampotezea wakati.

Hata hivyo kuna njia mbili za kupunguza udhaifu huo. Ya kwanza ni kuiweka sifuri kwa uangalifu. Kihisi cha ndani ya taya huathiriwa na usumaku wa dunia na mabaki ya usumaku katika taya zenyewe, kwa hiyo kitufe cha sifuri hubonyezwa taya zikiwa zimefungwa, karibu na kebo, zikiwa zimeelekea upande uleule zitakaobana; ukiiweka sifuri juu ya meza kisha ukaigeuza ndani ya boneti, namba itakuwa imeshahama. Baada ya kupima stata, ambayo huacha sumaku kwenye taya, kazi hiyo hurudiwa tena. Njia ya pili hutumika kwenye waya mwembamba wa saketi moja: ukiuzungusha waya mara tano kupitia taya, mita husoma mara tano ya mkondo halisi, nawe unagawanya. Kebo ya betri haizungushiki, lakini waya wa kuunganisha mahali pa fyuzi huzungushika vizuri.

Na pale inapohitajika kujua ni saketi ipi inayovuta umeme, klampu huachwa pembeni na sehemu ya milivolti ya mita hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi. Fyuzi za bapa zina vitundu viwili mgongoni vinavyoacha chuma wazi, na ukigusa ncha mbili za mita hapo bila kuichomoa fyuzi, unaona volteji ndogo inayopotea ndani yake ikiwa kuna umeme unaopita. Fyuzi nyekundu ya ampea 10 ya umbo dogo ina ukinzani wa omu 0.0075 hivi, kwa hiyo kila milivolti 1 ni zaidi kidogo ya miliampea 130; niliyoitafuta mimi ilionyesha milivolti 3 na nyingine zote sifuri. Wenye mazoea ya kuchomoa fyuzi moja moja huku wakitazama mkondo hufika pia, ila kila wanapoirudisha fyuzi huiamsha kompyuta iliyolala na kulazimika kusubiri upya, mbali na ukweli kwamba fyuzi iliyokaa miaka mingi kwenye kikao chake haipendi kuchomolewa. Si mita zote za klampu zenye kipimo cha milivolti, na isiyo nacho nisingeinunua.

Kwenye alteneta kifaa hiki kilinifurahisha kwa upesi wake. Injini ikiwa inanguruma, volteji kwenye betri inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi, na isiporomoke taa kubwa na feni zinapowashwa. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na betri inapikwa. Hayo multimita yoyote inaweza kuyasema. Kisichosemwa na multimita kwa urahisi ni kama alteneta yenyewe inaula umeme wa betri gari likiwa limezimwa, jambo linalotokea diodi za ndani, vijisehemu vinavyouruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zinapovuja. Unaibana kebo nene ya alteneta, injini ikiwa imezimwa, na panapaswa kuwa na sifuri au namba isiyotofautika na sifuri. Ikionekana nusu ampea hapo, mwizi wa usiku amepatikana bila kufungua boliti hata moja. Jaribio la pili la diodi hizo ni kuigeuza mita kwenye volti za mkondo geu na kuipima betri injini ikiwa inafanya kazi: zaidi ya nusu volti humaanisha kwamba diodi mojawapo imekufa na umeme geu unapenya kwenye mfumo. Alteneta yangu, ile ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi, ingestahili kurudishwa kazini, kwa vile iliyowekwa badala yake haikutofautiana nayo kwa chochote.

Tatizo la pili lilikuwa stata iliyozunguka kwa uvivu injini ikiwa imepata moto, ilhali asubuhi iliwaka bila taabu. Hapa ndipo klampu huonyesha ubora ambao kifaa kingine chochote cha bei ya kawaida hakiufikii, kwa sababu stata inayozunguka polepole ina maelezo mawili yanayopingana na ni mkondo pekee unaoyatenganisha. Ikizunguka polepole huku ikivuta mkondo mkubwa kuliko kawaida, kosa liko ndani ya stata au injini yenyewe ni nzito. Ikizunguka polepole huku ikivuta mkondo mdogo, umeme haufiki, na kubadilisha stata ni kutupa fedha. Injini ndogo ya petroli kwa kawaida huvuta kati ya ampea 100 na 200 inapozungushwa. Yangu ilivuta 90, na betri ilibaki na volti 11.8 badala ya kushuka hadi karibu na 10 kama inavyotarajiwa chini ya mzigo wa haki.

Ikabaki kutafuta ni wapi umeme unakwama. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, si kwenye kishikizo chake bali kwenye risasi yenyewe, na ya pili kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu wa pili anazungusha ufunguo, na mita inasoma volti 3.4. Upande wa eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na bodi, hapaswi kupotea zaidi ya volti 0.2 au 0.3 stata ikizunguka. Kebo ya eathi kwa macho ilikuwa nzima, na mpira wake haukuwa na mpasuko, lakini chini ya mpira, karibu na kiungio cha upande wa injini, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zikiubeba mzigo wote.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu ndipo wengi wanapopotezwa na mita iliyo nzima. Kebo hiyohiyo ilipopimwa ukinzani, mita ilionyesha omu 0.2, na mlio wa kuthibitisha kwamba waya haujakatika ukalia vizuri kabisa. Omu 0.2 ni ukinzani wa nyaya za mita zenyewe, kama unavyoweza kuthibitisha kwa kugusanisha ncha zake mbili. Ukigawanya volti 3.4 kwa ampea 90 unapata omu 0.04 hivi, ukinzani ambao mita ya kawaida haiwezi kuuona kamwe, na ambao hata hivyo unatosha kuilaza stata. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba hupita mtihani wa ukinzani na kuanguka kwenye mtihani wa kazi. Kwa hiyo kipimo chochote cha waya mnene kinachofanywa gari likiwa limezimwa sikiamini tena, na mwongozo wa mita unaposifia usahihi wa sehemu yake ya omu, sifa hiyo haiwahusu wenye magari. Pembeni ya hilo, eathi ya injini ikifa kabisa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi na huipata kwenye waya wa akselereta au wa gia. Ukigusa waya wa namna hiyo baada ya kuwasha gari ukaukuta wa moto, usiutafutie grisi.

Tatizo la tatu lilikuwa la taa za nyuma: breki ilipokanyagwa, indiketa ya upande mmoja iliwaka kwa unyonge. Dalili hiyo karibu siku zote ni eathi mbovu kwenye kikao cha taa, umeme ukikosa njia ya kurudi hupitia globu ya jirani, na hapa mita yangu ya kisasa ilishindwa na testa ya globu, ile bisibisi yenye taa na waya wa kubana. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10, hivyo huuvuta umeme kwa kiasi kidogo mno, na waya uliooza ambao hauwezi kuwasha hata globu ndogo utaonyesha volti 12 kamili kwenye skrini. Testa huvuta mkondo wa kweli, robo ya ampea au zaidi, na kama waya hauna nguvu taa yake hufifia mbele ya macho yako. Anayenunua mita ya klampu akadhani kwamba testa yake amwachie mwingine atajuta.

Nililinganisha pia na kisomaji cha kodi, yaani kifaa kinachosoma namba za hitilafu zilizoandikwa na kompyuta ya gari, kwa kuwa ndicho kifaa ambacho wengi hukinunua kwanza. Katika aina hii ya hitilafu msaada wake ni mdogo. Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimika kuwa na tundu la pamoja la kukichomekea kisomaji hicho, liitwalo OBD-II, kuanzia modeli za mwaka 1996, na ya petroli katika Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, kwa hiyo gari la zamani zaidi ya hapo huenda halina mahali pa kukichomeka, au lina tundu linaloelewana na mashine za mtengenezaji wake pekee. Hata lililo nalo, kompyuta yake husimamia zaidi injini na moshi. Haijui kwamba taa ya buti inawaka. Ubaya zaidi ni kwamba volteji ikishuka au eathi ikilegea, kompyuta huandika kodi za vihisi vingi kwa mpigo, na mwenye gari asiyepima huanza kununua vihisi kimoja baada ya kingine. Kodi nyingi zisizohusiana zikitokea pamoja, kipimo cha kwanza ni betri iliyopumzika, ambayo ikiwa imejaa husoma volti 12.6 au juu kidogo na ikifika 12.2 imebaki nusu, kisha eathi.

Sasa niseme yanayonikera katika kifaa chenyewe. Hujizima baada ya dakika 15, na kwa kuwa kusubiri gari litulie huchukua muda kama huo, mara nyingi nilirudi nikakuta skrini tupu na sifuri niliyoiweka kwa uangalifu ikiwa imepotea. Kuna njia ya kuizuia isijizime, ya kushikilia kitufe kimojawapo wakati wa kuiwasha, lakini imefichwa kwenye ukurasa wa nyuma wa mwongozo kwa herufi ndogo mno. Kitufe cha kuhifadhi kipimo cha juu kabisa kipo na kinafaa, ila mita husasisha namba zake mara tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo mshtuko wa kwanza wa stata huupita bila kuuona. Ninachokisoma ni mkondo wa stata iliyokwisha anza kuzunguka, na kwa kazi yangu huo unatosha. Taya zinafunguka milimita 30, upana unaoimeza kebo yoyote ya betri, lakini unene wake hauingii kati ya nyaya zilizobanana nyuma ya sanduku la fyuzi, na kwenye baadhi ya injini ndogo kebo ya alteneta haifikiki mpaka uiendee kutoka chini.

Ncha za kupimia zilizokuja nayo ni nene na butu, nyaya zake ni ngumu na hujikunja zinapopata baridi. Nimezibadilisha kwa zenye mpira laini wa silikoni na ncha za sindano, zinazoweza kuingizwa kwa nyuma ya soketi bila kuitoboa waya. Kutoboa waya ili kupima ni tabia ninayoiona kwa mafundi wengi na siielewi, kwa sababu tundu hilo huingiza maji na baada ya msimu mmoja wa mvua huzaa hitilafu mpya mahali ambapo haikuwapo. Skrini ina mwanga wa nyuma unaosaidia usiku, lakini kwenye jua kali ni lazima uikinge kwa mkono. Betri za ndani zikichoka, kipimo cha mkondo huanza kupepesuka kabla ya alama ya betri kuonekana. Namba zikikataa kutulia bila sababu, badilisha betri hizo kwanza.

Yapo maeneo ambayo mita hii haipaswi kupelekwa. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa, na kupima ukinzani au kuchomeka testa humo kunaweza kuufyatua mfuko usoni mwa mpimaji. Kebo za rangi ya chungwa kwenye magari ya mseto na ya umeme hubeba mamia ya volti, na ingawa klampu haigusi shaba, kuzifikia ni kazi ya mwenye mafunzo na glavu zake.

Kwa mwenye gari moja la zamani linalosumbua mara kwa mara, na ambaye yuko tayari kukaa karibu na boneti wazi akisubiri, kifaa hiki nampendekezea bila kusita, mradi anunue chenye mkondo mnyoofu hadi ampea 400 kwa ajili ya stata, kipimo cha chini cha ampea 40 au 60 chenye hatua za 0.01, milivolti, kitufe cha sifuri na kitufe cha kipimo cha juu. Asiye na subira hiyo ampelekee fundi umeme wa magari, na amuulize kabla ya kuacha ufunguo kama atapima kushuka kwa volteji stata ikizunguka. Fundi anayejibu kwamba atapima “kama waya umekatika” atabadilisha stata.